Mawe ya Nyongo ya Feza

Jumatano, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha alfajiri, ikaacha, ikarudi wakati wa chai. Sasa jua linatoka na kujificha kama mugeni asiyejua kama alialikwa. Wanawake walioanika chisense kando ya ziwa pale Kashikishi wanafunika samaki zao na plastiki, wanafunua, wanafunika tena. Nawasikia kutoka hapa nilipokaa wakitukana mawingu.

Nimestaafu juzijuzi tu. Wadogo zangu wa chumba cha upasuaji, ambacho sisi tunaita tiyata, wameniomba niandike juu ya kazi niliyofanya pale, na zaidi ile kazi ya kuonyesha, kwa sababu ninaondoka na hakuna mutu aliyeishika. Niliwaambia mimi si mutu wa kuandika. Skuli niliiacha darasa la saba, na darasa la saba lenyewe sikulimaliza vizuri. Walisema, Mama Chilufya, andika tu vile unavyosemaga. Basi naandika Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, kile alichonipa mama yangu, mwanamuke wa Kilwa ya Kongo, kwa maana kazi ya kuonyesha niliifanya zaidi kwa Kiswahili. Kibemba mutajitafsiria. Na kama nimekosea jambo la udaktari, kosa ni langu, si la madokta walionieleza. Wao walieleza vizuri. Kichwa changu ndicho kina matundu.

Niliingia pale kama mufagiaji. Siku ya kwanza nilizimia, na hapakuwa na damu hata tone. Ilikuwa harufu ya dawa ya kusafisha. Sista Chola, mukubwa wa tiyata, mwanamuke mufupi mwenye sauti ya mutu murefu, hakunikaripia. Aliniletea kiti, akakiweka karibu na mulango, akasema, "Hiki ni chako mpaka uzoee." Nilizoea, lakini kile kiti nilikishika mpaka kikavunjika.

Alinifundisha vyombo kwa kuvitaja na kunyoosha mukono. Hii ni koleo ya mishipa, hii ni ya nyama, usizichanganye. Hii sahani ya chuma iliyopinda kama figo, tunaita dishi. Gozi, vile vitambaa vyepesi vya kufuta damu, zinahesabiwa mbele ya kuanza na kabla ya kushona, na hesabu zisipolingana hakuna mutu kutoka, hata kama anataka kwenda chooni. Mara moja tulitafuta gozi mpaka miguu ikavimba, na tuliikuta chini ya kiatu cha dokta. Dokta alicheka. Sista hakucheka.

Sasa, kazi ya kuonyesha. Wakati ule watu wengi hapa, na zaidi wale wanaovuka na boti kutoka Kongo, waliamini kwamba hospitali zinatoa vitu ndani ya watu na kuviuza. Siwacheki. Mutu anaingia mulango usioruhusiwa kupita, analala, anarudi na mushono, na hakuna anayekuambia kitu. Hata mimi ningewaza. Siku moja ndugu za mugonjwa walikuja na panga, wanataka wahesabiwe figo za kaka yao. Kaka yao alikuwa amefanyiwa henia.

Tangu siku ile Sista Chola aliweka desturi. Kila kinachotoka ndani ya mutu, ndugu zake wakione mara tu kazi inapokwisha. Akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa na Kiswahili. Alinifundisha hivi. Usingoje waulize, maana mutu akisha kuuliza amekwisha kuwaza. Funika dishi na kitambaa cha kijani. Cheupe ni cha wafu. Taja jina la kitu kabla ya kufunua. Usiseme "ni kitu kidogo tu", kwa sababu kidogo hicho kimemulaza mutoto wao. Na ukimaliza kusema, nyamaza.

Hilo la kunyamaza lilinishinda muda murefu. Nikiogopa, ninaongea.

Niliwaonyesha watu vitu vingi. Kuna mama aliyetazama ile nyama ndogo ya utumbo iliyooza, ambayo ni kama kidole cha mutoto, akaniuliza kwa Kiswahili cha ng'ambo, wanakosema njo badala ya ndiyo, "Kidole hiki njo kilikuwa kinapiga makelele yote ile?" Kuna muzee mumoja muvuvi aliyemeza ndoano, na alipoamka kitu cha kwanza alichosema ni kwamba ndoano ni yake, arudishiwe, bado ni nzuri. Dokta alisita. Sista Chola akatoa hukumu: "Kitu kikitoka ndani ya mutu ni cha yule mutu, kama hakitaoza na kutoa magonjwa." Muzee akaondoka na ndoano yake. Kama alivulia tena sijui. Mimi samaki wake sikununua.

Nimeandika haya yote ili mufahamu habari ya Feza.

Feza alikuja miaka ya karibuni, wakati Sista Chola alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao. Alikuwa mutoto wa kike wa miaka tisa hivi, mwembamba, macho ya manjano, na maswali mengi. Walimuleta na boti kutoka kisiwa cha Chisenga. Walikuja baba yake, anayenunua samaki kambini kwa wavuvi na kuwavusha ng'ambo, mama yake, na nyanya yake muzaa baba, ambaye kwa lugha yao wanamwita nkambo. Nkambo Mwadi. Huyu nilimujua kwa sura, kwa sababu anauza pemba sokoni Kashikishi, ule udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba wanautafuna, na wengine wasio na mimba pia, mimi ni shahidi.

Mutoto alikuwa anaumwa tumbo upande wa kuume, chini ya mbavu, zaidi akisha kula chakula cha mafuta. Tangu mudogo alikuwa na maumivu ya mifupa ambayo yanakuja na kwenda. Walikuwa wamezoea kusema ni ugonjwa wa mifupa, na kumuombea.

Nilisukuma kitanda chake mpaka kwa mashine ya picha ya tumbo, nikabaki kutafsiri. Pumua. Shika pumuzi. Geuka upande. Kwenye kioo niliona kifuko cheusi, na ndani yake vitu vyeupe vimelala chini kama mayai ya ndege, na nyuma ya kila kimoja, kivuli. Yule kijana wa mashine alisema ni mawe. Alimwambia Feza ageuke, na mawe yakabingirika. Nilishika mudomo. Sikujua kama ndani ya mutu kuna kitu kinachoweza kubingirika.

"Yananichezea mu tumbo?" Feza akauliza.

"Yanacheza," nikamwambia.

"Bila kuniita!"

Lakini nje, baba yake alipousikia ule mukasa, hakucheka.

"Mawe? Mawe ya wapi? Mutoto hakule mawe."

Mama Feza akasema polepole, akiangalia chini, "Anakulaka pemba."

"Pemba ya nani?"

Nkambo Mwadi mwenyewe ndiye aliyeongea.

"Pemba yangu bamama ya hapa banakulaka miaka yote. Kama ilikuwa inageuka mawe, soko yote ya Kashikishi ingelia leo sawa debe ya misumari."

"Mama, siko nauliza soko. Niko nauliza mutoto yangu."

"Na miye ni mutoto yangu."

"Toka leo asikule tena kitu ya mukono yako," akasema Papa Feza. "Na bakimaliza kutoa ile mawe, nitavuka nayo, niipeleke kwa mutu mwenye kuona mambo ya siri. Akisema ni yako, mama, nyumba yangu ya Chisenga hautaingia tena."

Nataka niwe wa haki kwa Papa Feza. Hakumutukana mama yake, hakuinua mukono. Ndiye aliyemubeba mutoto mugongoni kutoka bandarini, ndiye aliyekuwa anamukanda miguu ikiuma. Ni mutu aliyeogopa, na woga unatafuta mutu wa kukalia. Ila Nkambo Mwadi alikuwa mujane, na nyumba ile ndiyo aliyokuwa nayo. Kando ya ziwa letu, mwanamuke muzee aliyefukuzwa na mutoto wake kwa neno la uchawi hapokelewi na mutu mwingine. Hilo kila mutu pale alilijua.

Nkambo hakulia. Aliniomba kikombe cha maji. Akatoa kipande cha pemba kwenye fundo la kitenge chake, akakitumbukiza.

"Angalieni."

Tukaangalia. Kipande kikatoa mapovu, kikapasuka, kikalala chini kama unga. Maji yakawa kama maziwa.

"Munaona? Inayeyuka. Jiwe inatoka wapi?"

Nilifurahi, nikasema moyoni kesi imekwisha. Lakini Papa Feza alitazama kikombe, kisha akasema, bila ukali:

"Na chungu, mama? Chungu mbele ya kuchomwa, ukikitia mu maji kinarudia matope. Kikisha kupita mu moto, kinabeba maji mpaka unazeeka. Na mu tumbo ya mutu kuna moto. Ata hapa banamupima mutoto moto na kipimo, asubui na magaribi."

Mpaka leo naona lilikuwa neno zuri. Kama ningelikuwa hakimu, siku ile ningelimupa yeye ushindi, na ningelikosea.

Mupasuaji alikuwa dokta mwanamuke, kijana, anayekuja kwetu kutoka muji mukubwa kwa zamu. Walimupa Feza damu kwanza, kwa sababu yake ilikuwa kidogo, kisha wakamupasua. Nilisimama mahali pangu. Kazi ilikwenda vizuri. Waliponipa dishi na kibakuli kidogo, nilivifunika na vitambaa vya kijani, nikatoka.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje, mume na muke upande mumoja, Nkambo mwisho wa upande mwingine, na katikati nafasi ya watu wawili.

"Feza anapumua vizuri," nikasema kwanza, maana hilo ndilo wanalotaka. "Kitu nitakachowaonyesha kinaitwa nyongo."

Nilifunua. Nkambo Mwadi aliruka.

"Nyongo! Ni nyongo kabisa, sawa ya samaki!"

Mama Feza naye akainama, akasahau woga. "Kubwa sawa ya kambale. Na rangi ni ile ile." Wanawake hawa wawili wamepasua samaki maisha yao yote. Wanajua nyongo kuliko wanavyojua ndugu zao. "Maman," Mama Feza akaniuliza, "atabakia namna gani bila nyongo?"

"Samaki tunamutoaka nyongo na anakuwa mutamu," Nkambo akasema.

"Ile samaki amekwisha kufa, mama!"

Wakacheka, wote wawili, mukono mudomoni, kisha wakakumbuka ugomvi wa nyumba yao, kila mumoja akakaza kitenge chake. Niliwaeleza kama dokta alivyonieleza, kwamba ini ndilo linalotengeneza nyongo, kile kifuko kinaitunza tu. Kifuko kikiondoka, nyongo inapita yenyewe.

Kisha nikafunua kibakuli. Mawe yalikuwa meusi, yanang'aa, madogo, yenye pembe. Kama mbegu za papai zilizokauka.

Papa Feza akanyoosha mukono. "Nipe."

Nikakumbuka hukumu ya ile ndoano.

"Papa, hapa kwetu kitu kikitoka ndani ya mutu ni cha mwenyewe."

"Mwenyewe njo nani?"

"Feza."

"Feza ni wangu!"

"Feza ni wako. Mawe ni ya Feza. Kesho akiamka vizuri, umuombe."

Mukono wake ulibaki pale pale, mbele ya kibakuli. Sikuwa na hakika kama nina haki ya kusema vile. Desturi ile haikuandikwa mahali popote, na aliyeitunga hakuwepo nimuulize. Nilinyamaza, kama nilivyofundishwa. Mwishowe alirudisha mukono. Nilipomweleza dokta, alifikiri kidogo, akasema, "Sawa. Kesho tutakuwa wote."

Kesho yake Feza alikuwa ameegemea mito, amechoka, lakini macho yanatembea. Wazazi wake walikuwa upande mumoja wa kitanda. Nkambo alisimama miguuni, mbali na chakula. Nilimupa mutoto kibakuli.

"Njo haya?" Akagusa moja na kidole. "Mbona ni meusi? Mie sikukulaka kitu nyeusi."

"Feza," baba yake akasema, "nipe niyashike."

"Ngoja, papa. Ndani yake kuna nini?"

Dokta aliposikia tafsiri ya swali hilo alitabasamu, akasema ni swali lake na yeye. Akauliza kama anaweza kuvunja moja.

"Hapana," akasema Papa Feza. "Mutu mwenye kuona anataka yakiwa mazima."

"Papa, iko mingi!" akasema Feza. Akachagua moja mwenyewe, akampa dokta.

Dokta aliweka jiwe juu ya gozi yenye maji, akaligandamiza na mupini wa koleo. Nilifikiri litapiga kelele. Lilivunjika kirahisi, kama kipande cha makaa. Ndani lilikuwa jeusi vilevile. Na pale kwenye gozi nyeupe, pembeni ya ule unga, pakaanza kutoka rangi. Kahawia kwanza, kisha manjano.

Hapo Papa Feza akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua ule unga kati ya vidole viwili, akausugua polepole, kama mutu anayenunua chumvi. Akanusa. Akasugua tena.

"Haina muchanga," akasema.

Akanyoosha vile vidole, tuone.

"Chungu ukikisaga, unapata muchanga. Ata kikiungua namna gani, muchanga unabakia. Hii haina." Akamugeukia dokta. "Kama si udongo, ni nini?"

Dokta akasema, nami nikasema nyuma yake: "Ni damu."

Alieleza hivi, kama nilivyoelewa. Damu ya kila mutu inazeeka na kuvunjika, na ikivunjika inatoa rangi ya manjano, na rangi hiyo ini linaitupa ndani ya nyongo. Damu ya Feza ina umbo baya, inapinda kama mundu, inavunjika upesi kuliko ya wengine. Ndiyo maana mifupa inauma, ndiyo maana macho ni manjano, na ndiyo maana nyongo ilijaa ile rangi mpaka ikaganda mawe. Hakuna mutu aliyeyatia. Yamejitengeneza ndani yake.

"Mie mwenyewe niliyatengeneza?" akauliza Feza, akiyatazama sasa kama mutu anayetazama kazi yake.

"Na damu hiyo mbaya aliipata wapi?" akauliza baba yake.

Hapa tafsiri ilinishinda. Dokta alisema inatoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, na kila mumoja anaweza kuwa na nusu bila kuugua. Nilisema hivyo, nikaona haiingii. Nikasema tena kwa maneno mengine, ikawa mbaya zaidi. Papa Feza alikunja uso, akiwaza.

"Sawa wavu," akasema mwishowe. "Wavu iko na kamba mbili, ya juu na ya chini. Moja ikioza, ingine inashikilia, unavua bila kujua. Zikioza zote mbili, wavu inaanguka."

Nilimutafsiria dokta. Akasema hivyo hivyo, na kwamba mfano huo ataubeba.

"Basi kamba moja ya Feza ni yangu," akasema Papa Feza, polepole sana, "na moja ni ya mama yake."

"Tunaweza kupima," dokta akasema. "Ni kuchoma kidole tu."

Kijana wa maabara akaitwa, wazazi wakatoa vidole. Na kabla kijana wa maabara hajafunga kisanduku chake, Nkambo Mwadi akasogea, akanyoosha mukono wake wenye weupe wa pemba kwenye kucha.

"Na miye."

"Nkambo, si lazima," nikamwambia.

"Choma. Nataka kujua."

Majibu yalipokuja, kijana aliyasoma na dokta akayaeleza. Baba, kamba moja iliyooza. Mama, kamba moja. Nkambo, kamba moja.

"Basi njo kwake," akasema Papa Feza. Hakupaza sauti. "Kamba yangu imetoka kwake. Muulize dokta."

Nilimuuliza. Dokta akajibu kwamba ndiyo, inawezekana sana imetoka kwake. Na mimi nilisimama pale na neno hilo mudomoni. Yule mwanaume hakujua Kiingereza. Ningeweza kusema neno lolote. Lakini Feza alikuwa ananitazama, na alikuwa ameuliza maswali ya kweli tangu siku ya kwanza.

"Anasema ndiyo," nikasema. "Inawezekana sana."

Nkambo aliinamisha kichwa. Na aliyeongea alikuwa Mama Feza, ambaye siku zote zile hakuwa amesema mambo mengi.

"Na yangu ilitoka kwa nani? Mama yangu iko Likasi, na hauzake pemba. Twende tumufukuze na yeye? Na babako, alikuwa na kamba gani? Nani atamuchoma kidole mu kaburi?"

Nkambo akashika chuma cha kitanda.

"Mama Chilufya, uniulizie kitu kimoja. Mbele ya kuzaa huyu mwanaume, nilizaa Kabwe, na kisha nikazaa Musau. Macho manjano, mifupa inauma. Walikufa wadogo. Uulize kama ni ile ile."

Niliuliza. Dokta akasema hakuwaona wale watoto, kwa hiyo hawezi kusema kwamba anajua. Lakini kwa vile Nkambo mwenyewe ana kamba moja, na kwa alama alizozitaja, inawezekana kabisa ilikuwa hiyo.

Nikamupa neno kwa neno, pamoja na "hawezi kusema kwamba anajua".

"Batu ya kwetu," akasema Nkambo Mwadi, "banasemaka ni miye nilibakula. Na miye nikaanza kuwaza labda ni kweli. Labda mukono yangu iko na kitu, na miye mwenyewe sijue. Kila siku nikifinyanga pemba naangalia hii mikono." Akaitazama tena, mbele yetu. "Kumbe ilikuwa mu damu."

Wagonjwa wa vitanda vingine walikuwa wamegeukia kwetu, hata wale ambao hawakujua Kiswahili.

"Mama," akasema Papa Feza. "Musau alikuwa na macho ya manjano?"

"Sawa ya huyu."

"Mie sikumbuke kitu."

"Utakumbuka nini? Ulikuwa kwa mugongo yangu."

Yeye ndiye aliyebaki kati ya watoto wa mama yake. Nadhani hilo ndilo aliloliona wakati ule, lakini sikuingia kichwani mwake, siwezi kuapa. Nilichoona ni kwamba alitoka nje. Tulifikiri ameondoka. Alirudi na sufuria ndogo kutoka kwenye kibanda wanakopikia ndugu za wagonjwa. Ilikuwa na uji ambao Nkambo alikuwa amejipikia mwenyewe, kwa kuwa chakula chake hakuna mwingine aliyekuwa anakula. Sasa kwetu hapa, anayepika ndiye anayeonja kwanza, watu waone hakuna ubaya. Papa Feza alikaa kando ya kitanda, akachota kijiko, akaonja yeye. Akachota tena. Na tena.

"Papa!" Feza akalia. "Unanimalizia!"

Wodi yote ikacheka, na dokta akacheka bila kungoja tafsiri. Papa Feza akafuta kijiko na shati lake, akamupa mama yake, Nkambo Mwadi.

"Mulishe," akasema.

Wadogo zangu, lazima nimalizie kwa haki. Kumutoa Feza nyongo hakukuponya damu yake. Dokta alilisema hilo wazi, na kwamba lazima aje kliniki, anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua. Na juu ya pemba alisema haitengenezi mawe, lakini kwa mutoto mwenye damu kidogo si chakula kizuri, aache. Nkambo alikunja mudomo, akakubali. Mawe yaliyobaki Feza aliyabeba kwenye chupa ya dawa, aonyeshe skuli. Kama Papa Feza alivuka kwa yule mutu mwenye kuona au hakuvuka, sijui, sikumufuata. Najua kwamba Nkambo Mwadi bado anakaa Chisenga, kwa sababu kila anapokuja sokoni ananitupia salamu kutoka mbali, na anaivuta ile salamu mpaka watu wageuke.

Mukinishinda katika kazi hii, nitafurahi. Shikeni tu ile ya kutafsiri neno lote, hata lile linalokuchoma ulimi.

Mvua imeacha kabisa. Jioni hii tulikuwa na ubwali, ndio ugali wa muhogo, katapa ya majani ya muhogo, na samaki wawili wakubwa wa aina ya pale, wa kuchemsha na nyanya, niliowasafisha mwenyewe. Tangu Feza, ninabinya kila nyongo ya samaki kabla ya kuitupa, nione kama kuna jiwe. Sijakuta hata moja. Mukwe wangu amekwisha kuniambia mara nyingi kwamba siku moja nitaipasua, na leo imepasuka. Samaki mumoja alikuwa muchungu. Tulimula hivyo hivyo, sote, na hakuna aliyeuliza ni mukono wa nani.